Uchumi wa Upendo Katika Zama za Simu

Mwaka 1980, Goran Hyden, mtaalamu wa sayansi ya siasa kutoka Uswidi aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha kitabu kiitwacho Beyond Ujamaa in Tanzania, ambamo alieleza kwamba dola lilishindwa kumtia mkulima mkononi kwa sababu mkulima huyo aliishi ndani ya uchumi wa upendo, yaani utaratibu wa kusaidiana baina ya watu waliounganishwa na damu, ukoo au ujirani, unaompa mtu chakula, mtaji na hifadhi bila kupitia benki wala ofisi.

Hyden aliuona utaratibu huo zaidi kama kizuizi cha maendeleo, na hukumu hiyo ilikuwa kali mno, kwa kuwa katika masoko ya Feri na Kariakoo jijini Dar es Salaam biashara nyingi husimama juu yake: machinga huchukua bidhaa dukani kwa mali kauli, yaani kwa ahadi ya mdomo kwamba atalipa akishauza, naye huaminiwa kwa sababu yupo mtu wa kwao anayemdhamini, na mama lishe humkabidhi kijumbe wa upatu fungu lake mpaka zamu yake ya kupokea ifike.

Teknolojia ilikuja kuthibitisha nguvu ya mahusiano hayo pasipo kukusudia. M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, ilipojaribiwa nchini Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa wakopaji warejeshe mikopo midogo kwa simu, lakini watu wakaanza kuitumia kutumiana fedha wao kwa wao, na huduma iliyozinduliwa mwaka 2007, kisha ikaingia Tanzania mwaka 2008, ikajengwa juu ya haja hiyo. Mchuuzi wa samaki wa Feri akaweza kumtumia mama yake aliyeko Lindi fedha za dawa kabla mnada haujaisha, ingawa pia alipoteza udhuru wa umbali, kwani ombi la ndugu sasa humfikia popote alipo.

Kuna jambo zito zaidi. Msaada uliokuwa ukipita mkono kwa mkono sasa huacha kumbukumbu, na Julai 2021 serikali ya Tanzania iliweka tozo kwenye miamala ya simu, ikaipunguza kwa asilimia 30 chini ya miezi miwili baadaye kufuatia malalamiko ya wananchi. Yule mkulima ambaye Hyden alisema hakamatiki akawa amefikiwa kupitia fedha anazotumiwa na mwanawe.