Treni, Gari au Ndege? Jinsi Tunavyosafiri kwa Fedha za Mradi

Katika kikao cha robo mwaka iliyopita wajumbe wa kamati za sharika walituuliza: kwa nini ofisi ya mradi haitumii tena gari lake kwenda Dodoma? Ni haki yao na ya wafadhili kupata jibu.

Zamani safari zote za Dar es Salaam hadi Dodoma tulizifanya kwa gari la mradi. Usiku mmoja, tukirudi kutoka kwenye mafunzo, dereva wetu alisinzia karibu na Gairo na gari likaingia porini. Tunamshukuru Mungu, hakuna aliyeumia. Kosa halikuwa la dereva peke yake. Sisi ndio tuliomtaka arudi usiku huohuo ili kuokoa posho ya kulala.

Treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024. Ndipo tulipokaa na kupiga hesabu.

Gharama: Nauli iliyotangazwa mwaka 2024 kwa treni ya kawaida, daraja la kawaida, ilikuwa Sh. 31,000. Kwenda na kurudi ni Sh. 62,000, watu watatu ni Sh. 186,000. Kwa gari, safari ni kama kilomita 900 kwenda na kurudi. Likitumia lita 12 kwa kila kilomita 100, zinahitajika lita 108. Tukikadiria dizeli kwa Sh. 2,800 kwa lita, ni Sh. 302,400, bila posho ya dereva, matairi na sevisi. Gari likibeba wajumbe watano, mafuta yanakaribiana na nauli zao za treni, ambazo ni Sh. 310,000. Nauli ya ndege hupanda na kushuka, lakini kwa kawaida huizidi ya treni mara kadhaa.

Muda: Treni hutumia takriban saa nne, gari saa saba au nane. Ndege huruka kama saa moja tu, ila foleni ya kwenda uwanjani na kusubiri ukaguzi hula sehemu kubwa ya faida hiyo.

Upungufu: Treni haifiki vijijini. Ukishuka Dodoma unahitaji usafiri mwingine, na mizigo ina kikomo. Tiketi inapaswa kukatwa mapema, na msafiri awe na kitambulisho.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi: mikutano ya mjini, tunakwenda kwa treni. Tukiwa na vifaa vingi, au tukienda kukagua visima vijijini, tunatumia gari, mchana tu, na dereva analala. Ndege ni kwa dharura, kwa kibali cha kamati.

Posho ya kulala ya dereva sasa imo katika bajeti. Tunaziomba kamati zitakapopitia hesabu zetu zisiikate.