Panya Haugui, Mwanadamu Hufa: Siri Iliyo Ndani ya Figo

Masika yakishika kasi hapa Mombasa, mitaro iliyojaa taka hufurika na maji kuingia vichochoroni. Watoto huyachezea, na watu wazima huvua viatu wakavuka. Panya naye hufukuzwa shimoni na maji, akaja kutafuta hifadhi majumbani. Tumemzoea kiasi kwamba tunamlaumu kwa kutafuna mchele na nyaya tu. Lakini madhara yake makubwa hayaonekani kwa macho, nayo yamo ndani ya mkojo wake.

Ndani ya mkojo huo mara nyingi huwamo bakteria aitwaye leptospira, mwembamba kama uzi uliosokotwa. Ugonjwa anaouleta huitwa leptospirosisi. Majirani zetu Tanzania wanauita homa ya mgunda, jina lililovuma Julai 2022 pale watu walipougua ghafla huko Ruangwa, mkoani Lindi, baadhi yao wakitokwa na damu puani. Wagonjwa 20 walihesabiwa, na watatu kati yao wakafariki. Duniani kote, wataalamu wanakadiria kuwa ugonjwa huu huwapata watu zaidi ya milioni moja kila mwaka na kuua karibu 59,000.

Hapa ndipo swali linapokuja. Ikiwa bakteria huyu anaweza kumuua mtu mzima mwenye nguvu zake, mbona panya anayembeba yu mzima, anakula, anazaa na kukimbia darini usiku kucha?

Wanasayansi wa Japani ndio waliomtambua bakteria huyu mwaka 1915, na miaka miwili baadaye wakaonyesha kuwa panya ndiye mbebaji. Maelezo ya jinsi panya anavyosalimika yamekuja pole pole tangu hapo.

Bakteria huingia mwilini kupitia mkwaruzo wa ngozi, macho au mdomo, kisha akaingia kwenye damu. Kila mwili una walinzi wa doria ambao kazi yao ni kumtambua mgeni kwa vazi lake. Leptospira ana vazi la mafuta na sukari. Utafiti kwa panya wadogo wa nyumbani umeonyesha kuwa mlinzi wao mmoja hulitambua vazi hilo mara moja na kupiga king'ora. Mwili huanza kutengeneza kingamwili, yaani zile protini za damu zinazomnasa adui, na ndani ya siku chache damu husafishwa. Panya waliozaliwa na kasoro katika mlinzi huyo hushindwa kujikinga, wakafa.

Mlinzi kama huyo sisi pia tunaye, ila wetu halitambui vazi la leptospira. Walinzi wengine humwona, lakini bakteria hupata nafasi ya kuzaana kwanza. Mwili unapokuja kuzinduka, huenda vita vikawa vikali mno, na ini, figo na mapafu yakaumia. Ndiyo maana wagonjwa wengine macho hugeuka manjano, mkojo ukapungua, na wengine wakapumua kwa shida.

Hata hivyo, panya naye hashindi kabisa. Bakteria wachache hukimbia kutoka kwenye damu na kujificha ndani ya vijifereji vya figo, mahali ambapo kingamwili hazifiki kwa urahisi. Huko hujishikiza ukutani pamoja, wakajifunika utando. Panya angeweza kuwaandama hadi humo, lakini vita ndani ya figo vingeiharibu figo yenyewe. Kwa hiyo mwili wake huwavumilia. Wataalamu hutofautisha mambo haya mawili: kumpinga mdudu na kumvumilia. Kwenye damu panya hupinga, kwenye figo huvumilia. Matokeo yake ni mnyama mwenye afya anayemwaga bakteria kila anapokojoa, kwa miezi mingi na mara nyingi hadi kufa kwake.

Panya wa mwituni na mitaani ana jambo jingine. Kwa miaka mingi, mambo mengi kuhusu kinga yalisomwa kwa panya wa maabara wanaokulia vizimba safi. Mwaka 2016, watafiti wa Minnesota nchini Marekani waliwachanganya panya hao na wenzao walionunuliwa dukani, wasiokulia katika usafi huo. Baadhi ya wale wa maabara walikufa kwa maradhi waliyoambukizwa. Waliobaki kinga yao ikakomaa, wakawa wanaweza kupambana na bakteria vizuri zaidi kuliko awali. Mwaka uliofuata, utafiti wa panya wa mwituni Uingereza ukaonyesha kuwa kinga yao iko macho zaidi, na kingamwili zao ni nyingi. Panya wa mtaroni, basi, ni askari aliyepigana vita vingi. Hatupaswi kungoja maradhi yampunguze.

Na hapa kwetu Kenya wapo. Utafiti uliofanywa Kibera, Nairobi, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta leptospira kwa karibu panya mmoja kati ya kila watano waliopimwa. Mkojo ukishamwagika, bakteria huweza kuishi wiki kadhaa katika maji baridi au udongo wenye unyevu. Hufa haraka pakiwa pakavu. Ndiyo maana mafuriko na ugonjwa huu huandamana.

La kutisha zaidi ni kwamba homa yake hufanana na malaria: joto kali la ghafla, kichwa kuuma, maumivu ya misuli hasa nyuma ya miguu, na macho mekundu. Kule Moshi, Tanzania, watafiti waliwapima wagonjwa 870 waliolazwa na homa kali kati ya 2007 na 2008. Wagonjwa 528 walikuwa wameandikiwa malaria. Waliothibitika kuwa nayo walikuwa 14 tu. Wengi wa waliobaki walikuwa na maradhi mengine, homa hii ya panya ikiwa mojawapo. Pwani yetu ina malaria zaidi ya Moshi, lakini ile tabia ya kusema "ni malaria tu" na kununua dawa dukani tunayo vile vile.

Kwa hivyo, ukipata homa wiki moja au mbili baada ya kutembea kwenye maji ya mafuriko au kuzibua mtaro, mweleze daktari hivyo waziwazi, hasa kipimo cha malaria kikitoka bila kitu. Ugonjwa huu una dawa za kuua bakteria zinazopatikana hospitalini, na zikianzwa mapema husaidia sana. Macho yakiwa manjano au mkojo ukipungua, usingoje asubuhi.

Nyumbani, funika vidonda na uvae buti kabla ya kuingia kwenye maji machafu. Osha mikebe ya soda kabla ya kuitia mdomoni. Usimshike panya aliyekufa kwa mkono mtupu. Chakula na maji yawe na vifuniko.

Sumu na mitego husaidia kwa muda, ila taka zikibaki, nafasi ya panya aliyekufa huzibwa na wengine. Chanjo ya binadamu hutumika katika nchi chache tu, Cuba na Ufaransa zikiwemo, na aina za leptospira ni zaidi ya 200, kwa hiyo tusiitegemee. Kilicho mikononi mwetu ni jaa la taka na mtaro. Mtaro husafishwa kiangazi, kabla ya masika. Kila mtaa uanze kudai hilo sasa, maji yakiwa bado hayajafika mlangoni.