Makofi ni Matamu, Lawama ni Dawa

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako yuko kijana ambaye kila jioni huketi mbele ya kompyuta akicheza michezo ya vita na safari za ajabu. Wazazi wengi huona kuwa ni upuuzi mtupu. Lakini nyuma ya michezo hiyo wako watu wazima, wenye kazi na jamaa, ambao riziki yao hutegemea kama mchezaji ataridhika au atanung'unika. Leo twaeleza habari za mmoja wao, Bwana Naoki Yoshida wa Japani. Habari zake zaweza kumfaa hata mtu asiyepata kugusa kompyuta maishani mwake.

MCHEZO ULIOANGUKA

Katika mji wa Tokyo iko kampuni iitwayo Square Enix. Mwezi wa Septemba 2010 kampuni hiyo ilitoa mchezo uitwao Final Fantasy XIV. Huu si mchezo wa mtu mmoja peke yake. Maelfu ya watu wa nchi mbalimbali huingia pamoja kwa njia ya intaneti, kila mmoja ana sura yake aliyojichagulia, nao husafiri na kupigana na majitu kwa kusaidiana. Kwa kawaida kila mchezaji hulipa ada ya mwezi.

Jina la mchezo lilikuwa kubwa, na watu waliungoja kwa hamu. Kumbe ulikuwa mbovu! Ulikwenda kwa kusitasita, tena wengi hawakuona raha ya kuucheza. Malalamiko yakamiminika kama mvua ya masika. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule, mkuu wa kampuni, Bwana Yoichi Wada, aliwaomba wachezaji radhi hadharani, akaahirisha kutoza ada, akabadilisha viongozi wa kazi. Ndipo Bwana Yoshida, ambaye zamani alikuwa katika kazi ya michezo ya Dragon Quest, akatwishwa mzigo huo.

CHUNGU CHA MAUA

Ilikuwa rahisi kwake kusema kwamba wachezaji wana makelele, au kwamba kosa ni la waliomtangulia. Lakini yeye aliyachukua malalamiko akatafuta mzizi wake. Mwaka 2014, akizungumza na mafundi wenzake huko San Francisco, alitaja sababu tatu bila kificho. Kwanza, watengenezaji waliupenda mno uzuri wa picha. Pili, wengi wao hawakuijua vizuri michezo ya namna hii iliyotengenezwa na wengine. Tatu, walijizoeza kusema kwamba kila kasoro itarekebishwa baadaye.

Alitoa mfano wa chungu cha maua. Picha za kompyuta hujengwa kwa vipande vidogo vidogo, na vipande vikizidi mashine huelemewa. Katika mchezo ule wa kwanza, chungu kimoja cha maua kilikuwa na vipande kama 1,000, sawa na mwili wa mchezaji mwenyewe! Chungu kama hicho hakuna aliyekitazama mara mbili, lakini mashine ilikibeba kama ilivyombeba mtu.

Hapa pana jambo la kuangalia. Wachezaji walilalamika kuwa mchezo ni mzito. Hakuna aliyelalamika juu ya chungu. Mgonjwa humwonyesha mganga mahali panapouma, wala hamwambii ni dawa gani. Kuitafuta dawa ni kazi ya mganga.

Bwana Yoshida akaamua kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kuutibu mchezo wa zamani ili waliobaki wasikate tamaa, na huku akijenga mwingine mpya. Katika muda huo wote aliwaandikia wachezaji barua, akajitokeza mbele yao katika matangazo ya intaneti kujibu maswali yao. Mchezo wa kwanza ulifungwa tarehe 11 Novemba 2012. Katika hadithi yake, mwezi ulianguka kutoka mbinguni ukaiharibu nchi. Mpya ulitoka tarehe 27 Agosti 2013, na watu walioingia walikuwa wengi mno hata kampuni ikalazimika kusimamisha kwa muda kuuuza kwa njia ya intaneti.

MKUTANO WA WAPENZI

Mwaka 2014 kampuni ilianza kuandaa mikutano ya wapenzi wa mchezo huo, katika miji ya Las Vegas, London na Tokyo. Watu huenda huko wakivaa mavazi kama ya watu wa mchezo, na Bwana Yoshida hupanda jukwaani kutangaza mambo yajayo. Amezoea kuvaa fulana zenye picha za kudokeza siri, na watu hushindana kuifumbua.

Lakini makofi ya ukumbini yana hatari yake. Anayefunga safari kwenda kwenye mkutano kama huo ni mtu aliyekwisha kuupenda mchezo. Aliyechoka akaondoka hayumo ukumbini.

Angalia yaliyotokea. Katika mikutano ya mwaka 2023 na Januari 2024, wachezaji walionyeshwa jinsi picha za mchezo zitakavyofanywa upya. Mwezi wa Aprili 2024 wakapewa programu ya kujaribia, kila mtu nyumbani kwake, na hapo kila mmoja akaitazama sura yake mwenyewe. Wengi wakashtuka: "Huyu siye mimi! Macho yake hayana uhai!" Wengine walikuwa wameishi na sura ile kwa miaka kumi, kama mtu aishivyo na uso wake kwenye kioo. Bwana Yoshida na wenzake walieleza kwamba mwanga wa mle ndani ulikuwa na kasoro, pamoja na mambo mengine, nao hawakuishia kwenye maelezo. Mwezi wa Mei wakatoa programu nyingine iliyotengenezwa upya, kabla toleo jipya la mchezo halijatoka mwezi wa Julai.

Basi yale ambayo ukumbi mzima haukuyaona, mtu mmoja mmoja aliyaona akiwa nyumbani kwake.

KUSIKILIZA SI KUTII KILA NENO

Hata hivyo, mtu asidhani kuwa kusikiliza ni kufanya kila linaloombwa. Wachezaji ni wengi, na atakacho huyu ndicho akichukiacho yule. Bwana Yoshida mwenyewe amewaambia zaidi ya mara moja kwamba aliyechoka apumzike, acheze michezo mingine, arudi kukiwa na jambo jipya. Si wauzaji wengi wanaothubutu kumwambia mteja maneno hayo.

Nasi, ndugu msomaji, tunazo kumbi zetu. Mwalimu husifiwa siku ya sherehe ya shule, fundi cherehani husifiwa na bibi arusi, mama husifiwa chakula chake na wageni. Sifa hizo ni njema, na tuzipokee kwa shukrani. Lakini tumwulize pia mwanafunzi aliyeacha kuja darasani, na mteja aliyehamia kwa fundi mwingine. Kwani mficha maradhi, kifo humwumbua. Na anayetuonyesha mahali panapouma ametusaidia zaidi ya mpiga makofi.