Tuhepe EAC Juu ya Tanzania? Kabla Ufunge Mabegi, Soma Hii Kwanza

Imekuwa kawaida sasa. Tanzania ikitoa amri mpya ya kubana wageni, ama msee wetu akitimuliwa kule, Wakenya wanawaka mtandaoni na wimbo ni ule ule: tutoke kwa hii Jumuiya ya Afrika Mashariki, tuone nani atasota kwanza.

Hasira yenyewe si ya bure. Julai 2025 Tanzania ilipiga marufuku wageni kufanya biashara 15 ndogo ndogo. Kutengeneza simu, salon, duka la kutuma na kutoa pesa kwa simu, kuongoza watalii, kupeleka vifurushi, hata kuingia shambani kununua mazao kwa mkulima. Ukishikwa, faini si chini ya milioni 10 za kule, ama jela hadi miezi 6, na kibali chako cha kukaa kinaenda na maji. Hizo ndizo kazi ambazo kijana wa Kenya huvuka nazo mpaka, juu hana mtaji wa kujenga kiwanda. Na hii ni baada ya nchi zetu kukubaliana kuwa na soko la pamoja tangu Julai 2010, soko ambalo linasema Mwafrika Mashariki anaweza kutafuta kazi na kufungua biashara kwa jirani.

Tena si mara ya kwanza. Mwaka wa 2017 walipiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wetu, halafu wakachoma vifaranga 6,400 waliotoka Kenya kupitia Namanga. Vifaranga, jameni.

Kwa hivyo swali ni halali: si tutoke?

Kutoka kunawezekana, na wala si siri. Kipengele cha 145 cha Mkataba wa Jumuiya kinasema nchi ikitaka kuondoka, kwanza Bunge lake lipitishe kwa thuluthi mbili ya wabunge wote. Kwetu Bunge la Taifa lina wabunge 349, kwa hivyo unatafuta watu 233. Halafu serikali inamwandikia Katibu Mkuu kule Arusha notisi ya miezi 12. Katika huo mwaka bado unalipa michango na kufuata sheria kama kawaida, na ukijirudi kabla uishe, unaifuta hiyo notisi na maisha yanaendelea.

Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Sasa tuongee doh.

Tangu 2005 tuko na umoja wa forodha. Maana yake, sabuni iliyotengenezwa Nairobi ikifika Mwanza na cheti cha kuonyesha imetoka Kenya, haifai kulipa ushuru wa forodha. Ya kutoka China ama Uturuki inalipa, kwa bidhaa nyingi zilizokamilika ni asilimia 25, na tangu Julai 2022 kuna zingine zinakamuliwa 35. Hiyo tofauti ndiyo inafanya mwenye duka Mwanza achukue yako. Ukitoka, sabuni yako inapanga foleni moja na ya China, na sote tunajua nani anatengeneza kwa bei ya chini.

Hapa sasa ndio kuna kitu wale wa kupiga kelele hawakuambii. Kenya haiko EAC peke yake. Tuko pia COMESA, na huko tuko na Uganda, Rwanda, Burundi, Congo na Somalia. Uganda, ambayo kwa miaka mob imekuwa mteja wetu mkubwa zaidi Afrika, tungeendelea kuiuzia kupitia huo mlango wa pili, ingawa kwa sheria tofauti kidogo. Sasa nani hayuko COMESA? Tanzania. Ilijitoa mwaka wa 2000 na ikabaki SADC, na sisi SADC hatuko. Ule mkataba wa soko huru la Afrika nzima upo, lakini ushuru wake unashuka mdogo mdogo, na hauna ile nguvu ya soko la pamoja.

Umeona hiyo rada? EAC ndiyo kamba pekee ya maana tuliyomfungia nayo huyu jirani tunayemkasirikia. Ni kama umegombana na landilodi, halafu kwa hasira unachoma karatasi ya makubaliano ambayo ndiyo ungeenda nayo kortini. Leo Tanzania ikifukuza fundi wa simu kutoka Kenya, tunaweza kusema inavunja ilichosaini. Tukitoka, haivunji chochote. Itakuwa nchi inajiamulia mambo yake na wageni.

Wewe unayesema huuzi kitu Tanzania, angalia sufuria yako. Vitunguu vingi sokoni vinatoka huko. Mchele pia, mahindi msimu wetu ukikataa, na machungwa. Ni kweli tukitoka si lazima hivyo vitu vitozwe ushuru; hiyo itakuwa juu ya serikali yetu kuamua. Lakini ni lini mara ya mwisho umeona Hazina ya Kitaifa ikipata nafasi ya kutoza kitu halafu ikaiacha?

Halafu kuna wale wadogo wa mpakani. Kule Namanga, Taveta, Isebania na Lunga Lunga, mfanyabiashara mwenye mzigo wa chini ya dola 2,000 anaweza kuvuka na fomu rahisi inayopigwa muhuri pale pale mpakani, bora bidhaa ziko kwa orodha ya zile zinazotoka Afrika Mashariki. Hahitaji wakala wala makaratasi mengi. Huyo mama ndiye wa kwanza kuumia, na haingii mtandaoni kubishana na mtu.

Bandari nayo usiisahau. Zaidi ya nusu ya mizigo inayopita Mombasa kwenda nchi zingine ni ya Uganda. Siku hizi ushuru wake unapigwa hesabu mara moja tu pale mwanzo, juu forodha zetu zinafanya kazi kama eneo moja. Tukiwa nje, mzigo wa Kampala ukipitia Dar es Salaam unakuwa uko ndani ya Jumuiya safari yote. Ukipitia Mombasa, unakatiza nchi ya nje. COMESA haizibi hiyo pengo yote. Na Uganda haiogopi kuhama: 2016 iliamua bomba lake la mafuta la kilomita 1,443 liende Tanga badala ya kupitia Kenya, na 2023 ikatupeleka korti ya Jumuiya juu ya uagizaji wa mafuta. Trela zikipungua barabarani, anayeisikia mapema ni muuza chapati wa Salgaa na fundi wa matairi wa Mariakani.

Hii sinema pia tushaiona. Jumuiya ya kwanza ilianza 1967 ikavunjika 1977, na moja ya malalamiko makubwa ilikuwa kwamba Kenya inakula zaidi ya wenzake. Tanzania ikafunga mpaka hadi 1983. Kuna mlango kati ya Maasai Mara na Serengeti ambao ulifungwa wakati huo na magari ya watalii hayajaruhusiwa kupita tena hadi leo. Nyumbu wanavuka hapo karibu kila mwaka bila pasipoti, lakini wewe na gari yako mnazunguka.

Wanaotaka tutoke wako na hoja moja nzito, na siwezi kuipuuza. Jumuiya haina meno. Marais huamua kwa kukubaliana wote, kwa hivyo anayevunja sheria anakaa kwa meza hiyo hiyo ya kumhukumu. Kuna wanachama wanakaa na madeni ya michango miaka na miaka na bado wanapewa kiti. Kila bajeti ikisomwa, nchi zinaomba ruhusa ya kutoza ushuru wake binafsi kwa hiki na kile, hadi ule ushuru wa pamoja unabaki jina. Ukiuliza kwa nini tulipie klabu kama hiyo, uko sawa kuuliza.

Shida ni kwamba na sisi tuko kwa hiyo orodha. Machi 2021 ni Kenya iliyofungia mahindi ya Uganda na Tanzania ghafla, ikisema yako na sumu ya ukungu, malori yakalala mpakani hadi masharti yakalegezwa. Mwaka uliotangulia tulikuwa tunakamata maziwa ya Uganda. Nyani haoni kundule.

Kuna wasee huleta mfano wa Mali, Burkina Faso na Niger, ambazo zilitoka ECOWAS Januari 29, 2025 na dunia haikuisha. Lakini hizo nchi zilibaki kwa ule umoja mwingine wa Afrika Magharibi wenye pesa moja ya CFA na forodha moja. Walihama na ufunguo wa nyumba ya pili mfukoni. Ufunguo wetu wa COMESA unafungua Kampala na Kigali. Dar haufungui.

Kwa hivyo mimi ningebaki, lakini si kubaki kwa kunyamaza. Kule Arusha kuna Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Raia yeyote anayeishi nchi mwanachama anaweza kushtaki serikali yoyote ya Jumuiya kwamba sheria yake inakiuka Mkataba, bila kuanzia korti za nyumbani. Ngori ni kwamba anapewa miezi miwili tu tangu hiyo sheria itoke ama aijue, na fundi wa simu aliyefukuzwa hana doh ya wakili wala huo muda. Serikali ya Kenya nayo iko na mawakili, na Kipengele cha 28 kinairuhusu kushtaki mwenzake moja kwa moja. Mbunge wako akija mtaani kukuambia tuhepe, muulize kwanza kama amewahi kusimama Bungeni akamuuliza Waziri hiyo kesi iko wapi.