Injini Isiyopata Joto Hunywa Petroli

Volvo Amazon, gari lililoundwa Sweden kuanzia 1956 hadi 1970, lilikuwa na pazia la rejeta. Asubuhi ya theluji dereva alivuta mnyororo mdogo akiwa kitini, pazia likapanda na kuzuia upepo wa barafu usiipige rejeta.

Sababu ilikuwa ya msingi. Injini ya petroli hufanya kazi vizuri maji yake yakikaribia nyuzi 90 za Selsiasi. Ikiwa baridi, oili huwa nzito na petroli haigeuki mvuke ipasavyo. Ndiyo maana magari ya kabureta huvutwa choki ili mafuta yaongezeke. Kwa makadirio ya serikali ya Marekani, katika safari fupi za mjini, kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri, umbali ambao gari huenda kwa lita moja hupungua kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na siku ya nyuzi 25.

Kwa gari la zamani, marekebisho huanzia kwenye themostati. Ndani yake mna nta ambayo ikiyeyuka hutanuka na kusukuma vali, maji yakaruhusiwa kwenda kwenye rejeta. Ikikwama wazi, maji hupozwa kabla injini haijapata moto.

Kuipima ni rahisi: washa injini iliyolala, kisha gusa bomba la juu la rejeta, mkono ukiwa mbali na feni. Themostati nzima huliacha bomba likiwa baridi kwa dakika kadhaa, halafu joto huja kwa ghafla. Bomba likianza kupata uvuguvugu mapema, kidogo kidogo, badilisha kifaa hicho.

Hatua ya pili ni kuziba sehemu ya grili, au kubadilisha feni inayozungushwa na mkanda kwa feni ya umeme yenye swichi ya joto. Wakazi wa North Dakota, Marekani, wana njia nyingine: hita ya injini inayochomekwa kwenye umeme usiku kucha, ambayo mwenzao Andrew Freeman aliipatia hataza mwaka 1949.

Lakini anayeziba grili aitazame geji ya joto kila mara, na kizuizi akiondoe hali ya hewa ikipata joto, la sivyo ataunguza gasketi ya silinda hedi.

Afrika Mashariki haina theluji barabarani, lakini mafundi wengi huing'oa themostati wakiamini wanaiokoa injini. Mwenye gari wa Limuru au Njombe, baridi ya Julai inapoingia, mwambie fundi wako airudishe themostati.