Mbwa Wako Akigongwa na Pikipiki
Mbwa uliyemwokota njiani akiwa mdogo, ukamlea, naye sasa akulindia kuku na mihogo, ni mali, tena ni rafiki. Lakini barabara za Likoni, Kisauni na Changamwe zina vyombo vingi. Je, akigongwa na pikipiki, utafanyaje?

Kwanza jihadhari. Mbwa mwenye maumivu humwuma hata bwana wake. Mfunge mdomo kwa kitambaa, ila kama anatapika au anahema kwa shida, usimfunge. Damu ikitoka, kandamiza jeraha kwa nguo safi. Mlaze juu ya ubao, umpeleke kwa daktari wa mifugo. Usimpe dawa za maumivu za binadamu, zaweza kumwua.

Mguu uliovunjika huchukua kama majuma 6 hadi 8 kuunga. Muda huo akae kivulini, apate maji na chakula, wala asikimbie.

Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji ya kutiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, kupona ni nadra mno. Basi mpeleke mbwa wako achanjwe kila mwaka, ili siku ya ajali umhudumie bila hofu.