Uhispania: Dada wawili wauza vyungu katika mchoro wa Goya

Katika sakristia ya kanisa kuu la Seville, kusini mwa Uhispania, kuna mchoro wa mafuta wa watakatifu Justa na Rufina. Francisco Goya, aliyekuwa kiziwi na amekwisha kuvuka miaka 70, aliuchora mwaka wa 1817.

Kufuatana na mapokeo ya Kanisa, dada hao waliuza vyungu mjini humo karne ya 3, wakati wa utawala wa Roma. Waliombwa vyombo kwa sikukuu ya miungu, wakakataa. Watu wakavunja bidhaa zao: kwa mchuuzi wa soko, huo ni mtaji wote kuisha siku moja. Nao wakavunja sanamu ya Venus. Justa alifia gerezani. Rufina alitupiwa simba, lakini simba hakumgusa. Akauawa kwa njia nyingine.

Goya hakuonyesha damu. Dada wamesimama na vyombo vyao mikononi, sanamu imevunjika chini, simba analamba mguu wa Rufina. Nyuma kuna mnara wa Giralda, ingawa Waislamu waliujenga karne ya 12. Wenyeji husimulia kwamba dada hao waliushika usianguke katika tetemeko la ardhi la mwaka wa 1504.